Roketi ya chupa, na jibu nililolikosea

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaandikia kuhusu ugali wa mesi, na tangu hapo kimya... Kuna walioanza kuulizana kama nimeacha masomo. Sijaacha. Nilikuwa najenga roketi.

Chekeni mmalize, halafu tuendelee.

Mambo yalianzia TP, ile miezi ambayo sisi watu wa elimu tunatupwa mashuleni tukajifunze kufundisha kwa kufundisha. Mwaka 2025 nilipangiwa shule moja ya kutwa upande wa Malindi, fizikia, kidato cha tatu. Tukafika sheria ya tatu ya Newton. Nikatoa mfano wa roketi, kwa sababu kila kitabu kinatoa mfano wa roketi. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye tangu niingie darasa lile sikuwahi kusikia sauti yake, akainua mkono. "Mwalimu, huku kwetu ilishawahi kurushwa roketi?"

Nikajibu hata bila kugeuka vizuri: "Hapana. Hayo ni mambo ya Marekani na Urusi."

Akashusha mkono. Nikaendelea na ubao.

Jumapili nikaenda Ngomeni kumsabahi babu, mzaa mama. Mimi nimekulia Mombasa, kwa babu ni likizo tu. Nikamsimulia hilo swali, kama kichekesho. Mzee akaniangalia kwa muda mrefu. "Mjukuu wangu, umewaambia watoto uongo."

Tangu nikiwa mdogo babu hutusimulia kwamba ujana wake alifanya kibarua cha kupakia na kupakua mizigo kwenye boti za Waitalia, na kwamba aliona kwa macho yake vyuma vikitoka baharini kwenda mbinguni. Sisi wajukuu tulikuwa tukiitikia "ehee, babu" tukisubiri hadithi ya sungura. Nilidhani zote ni za aina moja.

Niliporudi nikakaa na simu usiku mzima. Mzee hakuongeza chumvi. Pale baharini, mbele ya Ngomeni, Waitalia chini ya profesa wao Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma, San Marco na Santa Rita. Mwaka 1964 ikarushwa roketi ya Kimarekani ya hatua mbili, Nike-Apache. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout ikapaa kutoka San Marco na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kutafuta miale ya eksirei angani tu. Wakaibatiza Uhuru. Kwa Kiswahili! Mpaka leo kuna nyota ambazo wanaastronomia wanaziandika 4U na namba mbele, na hiyo U ni Uhuru. Kurusha kulikoma mwaka 1988. Mimi nimesoma fizikia miaka sita na sikuwa na habari.

Sasa, ningeweza kurudi darasani na kusema "samahani, nilikosea" na mambo yaishe. Lakini nilikuwa na aibu, na aibu yangu mimi huwa inataka kufanya kazi. Nikaamua nitawajengea ile Nike-Apache. Ndogo, kwa vipimo vyake, na iruke.

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Ya kweli ina urefu wa mita 8.3. Hatua ya chini, Nike, ni nene, sentimita 42. Ya juu, Apache, ni nyembamba kama mkuki, sentimita 16.5. Nike inawaka kwa sekunde tatu na nusu hivi, inachomoka, na Apache inateleza peke yake kimya mpaka kama sekunde ya 20 ndipo inawaka. Baruti sikuitaka kabisa, watoto wa watu wale. Nikachagua maji na hewa: chupa ya soda yenye maji theluthi, unaijaza hewa kwa pampu, unaifungulia, maji yanatoka chini nayo inakwenda juu. Newton yuleyule.

Chupa ya lita mbili ina upana wa sentimita 11 hivi, yaani karibu robo ya Nike. Safi kabisa. Basi Apache yangu ilitakiwa iwe na upana wa sentimita 4 na kidogo. Makomredi, tafuteni chupa ya soda ya upana huo mniletee. Ya nusu lita ina sita na nusu. Na urefu ungekuwa mita mbili, unanizidi mimi kimo. Nilizunguka Malindi siku mbili nikipima chupa madukani kwa rula, hadi muuza duka mmoja akaniuliza kama ninatoka serikalini.

Nikaufupisha mwili, nikakubali unene. Mapezi nikakata kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia. Chupa nilizijaribu kwanza zikiwa zimejaa maji pomoni, kwa sababu ikipasuka ikiwa na maji inamwaga tu, ila ikipasuka na hewa itakutafuta. Hatua ya juu nikaiziba mdomo kwa mpira mnene, nikaipachika juu ya ile ya chini. Nikapeleka nyuma ya nyumba niliyopanga, nikaanza kupiga pampu. Hata sijafika nusu, paa! Ya juu ikaondoka peke yake, ikapiga kamba ya nguo ya mama mwenye nyumba, ikamwagia shuka zake zote. Shuka zilikuwa zimeshakauka.

Mara ya pili nikaubana ule mpira kwa nguvu zangu zote. Zikapaa pamoja, zikageuka pamoja, zikaja chini pamoja. Pua ikajikunja kama karatasi ya maandazi.

Ilinichukua usiku mmoja kuacha kulaumu mpira na kushika kalamu. Hili naliandika polepole kwa sababu ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Presha yangu ilikuwa bar 4, yaani niutoni 40 kwa kila sentimita mraba. Mdomo wa chupa una upana wa milimita 22 kwa ndani, eneo lake sentimita mraba 3.8. Zidisha: niutoni 152. Ni kama mtu anainua mfuko wa kilo 15! Mpira gani utazuia hapo, halafu huohuo uachie kwa upole huko juu? Haupo. Lakini ukifunga kifuniko chenye tundu la milimita 9 tu, eneo linakuwa 0.64, na nguvu inashuka hadi niutoni 25. Kilo mbili na nusu. Hiyo kamba inaishika.

Na kamba inahitajika chini tu! Roketi ikishaondoka, ile ya chini inaisukuma ya juu kwa nguvu kiasi kwamba ya juu inakandamizwa kwenye kiti chake, kama wewe unavyobanwa kitini matatu ikichomoka stejini. Ya chini ikiishiwa maji, mkandamizo unakwisha, na ya juu inajiondokea yenyewe. Hakuna betri, hakuna waya. Fundi baiskeli akaniuzia vali kuukuu yenye mpira wake, nikaipitisha kwenye kitako cha chupa ya chini ikatokeza juu na kuingia kwenye lile tundu. Inaruhusu hewa kupanda, kurudi hairuhusu.

Wiki ya mwisho ya muhula, uwanjani. Darasa zima nyuma ya mstari, mita 30. Kabla ya kitu chochote nikawaambia: swali lile nililijibu vibaya, jibu ni ndiyo, mara nyingi, na ni hapo Ngomeni. Mvulana mmoja akauliza, "Kwani zilikuwa zetu, mwalimu?" Nikasema roketi za Wamarekani, majukwaa ya Waitalia, bahari yetu, na wabebaji mizigo babu zetu. Hakuonekana kuridhika. Hata mimi sijaridhika.

Yule msichana wa nyuma nikampa kamba avute.

Sitawadanganya, nilifumba macho. Nilichosikia ni "fwaaa" ya kwanza, kisha kitu kama "tiii" chembamba, kisha kelele za watoto arubaini. Nilipofungua, ya chini ilikuwa inaanguka ikizungukazunguka, na ya juu imekuwa nukta. Waliokuwa na protrakta na uzi walisoma digrii 60. Mita 30 mara tan 60, mita 52 hivi. Wakazigombania hesabu zile kama watu wanaogombea samaki sokoni, na mkuu wa idara akaja kuuliza nani amekufa.

Kwa babu nilipeleka mbili: hiyo iliyoruka, na nyingine ya karatasi niliyoitengeneza usiku kwa kipimo cha moja kwa kumi, sentimita 83, ambayo haiwezi kuruka hata ukiipulizia. Akaishika ya chupa kwanza. "Hii ya juu imenenepa," akasema. Nikamweleza habari za chupa na milimita. Akaiweka chini, akachukua ya karatasi, akaigeuzageuza karibu na macho, akaenda kuisimamisha juu ya televisheni, kando ya picha ya bibi.

Ile ya chupa tuliirusha mara mbili zaidi pale ufukweni na binamu zangu. Mara ya tatu hatua ya chini ikanasa kwenye mkorosho wa jirani, na iko hukohuko. Nina CAT ya saikolojia Jumatatu na sijafungua daftari. Kwaherini.