Gitari iliyonyamaza arusini

Mtu akikohoa leo, hatumchimbii kaburi kesho. Lakini gitari moja ilikaribia kutendewa hivyo nyumbani kwetu.

Mdogo wetu anapiga gitari ya umeme katika arusi. Kazi hiyo ndiyo inayomlipia nyumba. Siku moja, katikati ya wimbo, sauti ilikatika. Akasukuma swichi, ikarudi, ikakatika tena. Wenye arusi wakanung'unika, wakapunguza malipo. Usiku ule akatuambia: «Yaya, gitari hii imekufa. Kesho ninaiuza.» Bei aliyotajiwa haikufika hata robo ya ile aliyonunulia.

Tukamwomba siku chache. Tulianza kwa kubadilisha waya wa ampli: bure. Ndipo tukalegeza nyuzi na kufungua bamba la mbele. Gitari yake ni ya namna ya Stratocaster: ina vinasa-sauti vitatu chini ya nyuzi, na swichi moja ya kuchagua kipi kisikike. Ndani ya swichi, kibati chembamba kinateleza toka kituo hata kituo. Vumbi, jasho na miaka vilikuwa vimekichosha. Hakikugusa tena sawasawa. Tukanyunyiza dawa ya kusafishia vyombo vya umeme. Sauti ikarudi, kesho yake ikapotea. Kitu kilichokwisha hakiponi kwa kuoshwa.

Tukanunua swichi mpya. Kabla ya kuondoa waya hata mmoja, tulichora kila waya na mahali pake, tukajisifu. Tukalehemu kwa risasi, tukifuata mchoro: kimya kabisa! Swichi ya zamani ilikuwa na vituo vinne upande huu na vinne upande ule. Mpya ilikuwa na vinane katika safu moja, na mpango mwingine. Mchoro wetu ulikuwa wa kweli, lakini wa swichi nyingine. Basi tukapima kwa mita ni vituo gani vinavyogusana, tukaanza upya.

Kisha tukajaribu nafasi zote tano, moja moja, tukigonga kila kinasa-sauti polepole kwa bisibisi. Stratocaster za kwanza, za mwaka 1954, zilikuwa na nafasi tatu tu. Wapigaji wakaona kwamba swichi ikisimamishwa katikati ya nafasi mbili, vinasa-sauti viwili vinalia pamoja kwa utamu wa pekee. Mwaka 1977 kiwanda kikaweka nafasi tano. Mdogo wetu anapenda zile za katikati. Zilipolia, alicheka peke yake.

Gitari haikuuzwa. Jumamosi iliyofuata ilikuwa arusini.

Nanyi mlio na gitari inayokatika-katika, kabla ya kumwita mnunuzi, sukumeni swichi polepole huku mkisikiliza. Ikikwaruza ao ikinyamaza hapo, anzeni kutafuta ugonjwa hapo.