Bunduki ya mwindaji mwenye feza kiasi

Kijana mmoja wa jamaa yetu aliniuliza: «Baba mdogo, feza zangu ni za kadiri tu, ninunue bunduki gani ya kuwindia?» Nilimjibu hivi. Usipendezwe kwanza na urembo wa mti wake. Chungulia ndani ya mtutu: usiwe na kutu, na mifuo yake ionekane wazi. Fungua na kufunga komeo, lisilegee. Jaribu kizuizi cha kufyatulia, kwani bunduki inayolia yenyewe huua ndugu, si mnyama. Bunduki kuukuu ya namna ya Mauser ya mwaka 1898, iliyotunzwa vema, yaweza kushinda mpya ya bei rahisi. Ulizia risasi pia. Kaliba ya 9,3×62, aliyoitunga Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, ilipendwa na walowezi wa Afrika kwa nguvu zake na unafuu wake. Tena bakiza feza za risasi na za kibali, maana sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 yakitaka. Na kama feza hizo ni za masomo ya watoto, basi iache bunduki dukani. Nyama huliwa ikaisha. Mtoto aliyefundishwa hulisha wazazi wake.