Chepeo ya Ujiji

Treni ya Reli ya Kati ikishaipita Uvinza, abiria huanza kufunga vifurushi vyao kana kwamba Kigoma iko nyuma ya kilima kinachofuata. Haiko. Nilifika mwisho wa reli hiyo, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, nikiwa nimetumwa na ndugu zangu kazi moja: kwenda Ujiji kwa mjomba, kuitazama chepeo ya zamani ambayo dalali mmoja alitaka kuinunua, na kumwambia mjomba kama bei aliyotajiwa ni ya haki. Walinichagua mimi kwa kuwa niliwahi kufundisha historia, kana kwamba mwalimu wa historia hujua bei za kofia.

Reli ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita. Bandarini ndipo ilipoungwa meli ya Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa katika maelfu ya masanduku. Ilipewa jina la gavana aliyetawala wakati wa Vita vya Maji Maji. Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuipaka mitambo yake grisi ili isiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Msomaji atanisamehe kwa kuirefusha habari ya meli. Ila naamini kuibuliwa kwake ni sababu mojawapo ya vijana wengi kusadiki kwamba chini ya kila mwembe kuna mali ya Mjerumani inayongoja jembe. Wamechimba wee, na wengi wamepata mashimo.

Ujiji iko kilomita nane hivi kutoka stesheni. Wageni huletwa hapa kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, wakapiga picha, wakarudi. Mji wenyewe ni mkubwa kuliko kisa hicho: ni mji wa misikiti na baraza, wa mawese na migebuka, ulioishi kwa misafara ya pembe na, tusifiche, ya watumwa.

Mjomba alikuwa barazani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuitazama nyumba ya kuku?"

Sikumwelewa mpaka alipoileta. Kwa miaka mingi chepeo ile ilikaa kichwa chini jikoni, na kuku wa marehemu shangazi walitagia humo. Ilikuwa kofia ngumu ya nchi za joto, gamba jepesi kama la vizibo vya chupa, iliyovikwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa cha kaki. Mchwa walikuwa wameula ukingo wa nyuma. Mbele palikuwa na matundu mawili, palipokuwa na nembo. Ndani, ukanda wa ngozi ulikuwa mweusi kwa jasho la mtu, na karatasi ya fundi ilikuwa imebaki herufi mbili tatu zisizosomeka.

Hapa inafaa nieleze wanachokitafuta wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Fahari yao ni ile kofia ya ngozi yenye mwiba utosini, ambayo Prussia iliianzisha mwaka 1842. Ya ofisa hutambulikana kwa tai aliyepakwa dhahabu na kwa vijinyota vinavyokishika kitako cha mwiba, kwani ofisa alijinunulia yake mwenyewe kwa fundi mzuri. Kwenye jua la Tanganyika, hata hivyo, maofisa wa jeshi la kikoloni walivaa chepeo nyepesi za namna hii ya mjomba. Askari wao hawakupewa hizo. Tangu Wissmann alipounda jeshi lake mwaka 1889, akiwaajiri Wasudani wengi kutoka Misri, askari walivaa tarbushi, baadaye ikifunikwa kitambaa cha kaki na kubandikwa tai wa Kaiser mbele. Jambo hilo hunikera kila nikiziona picha zao: vazi walilolizoea watu wa dini yetu kupachikwa ndege wa mfalme wa mbali. Jina la ofisa likipatikana ndani ya chepeo huipandisha bei. Jina la askari mara nyingi halimo.

Nilimwuliza mjomba ilivyofika nyumbani. Alisema babu yake alikuwa mpagazi, naye aliirudisha kutoka Kigoma mwaka ule wa Wabelgiji. Hakusema aliiokota au alipewa. Hapo ndipo niliposita, kwa maana maofisa wa Kibelgiji nao walivaa chepeo za umbo hilohilo, na waliushikilia mji huu mpaka mwaka 1921, kisha wakaja Waingereza na zao. Bila nembo, matundu mawili hayasemi ni ya nani.

Dalali alikuja baada ya alasiri, kijana mpole mwenye simu iliyojaa picha. Nilipomweleza shaka yangu, hakubishana. Alitoa mfukoni tai mdogo wa shaba, mpya kabisa, akampima kwenye matundu yale. Walikaribia kulingana.

"Mzee, akae huyu hapa, kisha wewe useme tu kwamba babu yako alimtumikia ofisa wa Kijerumani. Bati za nyumba nzima hizo."

Mjomba alitazama juu, kwenye paa ambalo masika yaliyopita lililowesha magodoro ya wajukuu. Alikaa kimya kwa muda ulionitia wasiwasi, maana nami nilikuwa nimelala chini ya paa hilo usiku uliotangulia na kuzihesabu nyota.

"Babu yangu alibeba mizigo," alisema hatimaye. "Hakuwahi kutuambia alimbebea nani. Nikisema mimi, nitakuwa nimemsemea marehemu."

"Na bila tai?"

"Bila tai unatoa ngapi?"

Bei aliyoitaja isingetosha bati nne. Mjomba alikuwa tayari kuikubali, lakini alitaka hati iandikwe kwamba mwenyewe hajulikani. Nami nikaongeza kwamba ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na vitu vya kale havitolewi nchini kiholela. Dalali akasema atafikiri. Alikunywa chai yake yote, akashukuru, akaondoka na tai wake.

Usiku ule niliandika kwenye karatasi yale machache tunayoyajua: chepeo, Kigoma, 1916, mpagazi, na jina la babu. Mjomba aliikunja karatasi akaichomeka nyuma ya ukanda wa ngozi, kisha akairudisha chepeo darini, kichwa juu safari hii. Tuliamka mapema kuhesabu bati zinazohitajika. Ni ishirini na mbili, na ndugu wakisoma haya watajua kwa nini nimewapigia simu.