Shokapu za Mkonga

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shokapu ya gari la porini ilichaguliwa kwa mikono. Mteja aliisimamisha sakafuni palepale dukani, akailalia kwa uzito wake wote, kisha akaivuta aone inavyopanda. Iliyogoma kushuka ndiyo iliyolipiwa. Muuza spea aliweka mbili juu ya kaunta, "hii ya kawaida, hii ngumu," na sijapata kumwona dereva wa miaka ile akitoka na ya kawaida. Kama Arusha hazikuwepo, oda ilitumwa Nairobi, Kirinyaga Road, zikaja na basi la Namanga zikiwa zimefungwa kwenye gunia.

Wakati huo nilikuwa tandiboi kwenye mradi wa maji. Gari letu lilikuwa Land Rover Series III ya chesisi ndefu, yenye springi za bapa mbele na nyuma. Tulitoka Arusha hadi Longido kwa lami, kisha tukaiacha na kukamata njia ya Kitumbeine, na safari nyingine zilitushusha hadi Engaruka na Engare Sero, kwenye vumbi la Oldoinyo Lengai. Nyuma tulipakia mabomba, pampu, jenereta, madumu ya dizeli, mahema na watu. Lile gari halikutembea tupu hata siku moja. Kwa hiyo springi nene na shokapu ngumu zililifaa, na dereva wetu, mzee aliyejifunza kazi kwenye magari ya serikali, alikuwa sahihi kuzidai. Kilichonisikitisha baadaye ni kuona kanuni ya gari la mradi ikihamia kwenye magari ya watu binafsi, yanayobeba watoto wawili wa shule na mkoba wa sokoni, na watu wakiumia migongo huku wakiamini hiyo ndiyo gharama ya kuwa na gari imara.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja wa mtaa wa Unga Limited, Arusha. Gereji yake ilihudumia zaidi magari ya utalii, na pembeni ya ukuta kulikuwa na rundo la shokapu zilizokufa. Siku niliyomuuliza kwa nini anabadilisha shokapu ambazo kwa nje hazijavuja hata tone, hakunijibu kwa maneno. Alichukua moja kuukuu, ile ya mafuta tupu isiyo na gesi, akaibana kwenye vaisi, akaikata kwa msumeno wa chuma chini kidogo ya kichwa. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi, mepesi kama maji, yenye harufu ya kuungua. Akachomoa bomba la ndani kutoka kwenye bomba la nje, akavuta fimbo, na pistoni ikatokea. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Pembeni yake kulikuwa na vitundu vyembamba, na juu yake visahani vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vyepesi kiasi kwamba vingine vilipinda kwa ncha ya kucha.

"Tazama hapa, mdogo wangu," akaniambia. "Ukibonyeza dukani kwa mikono, mafuta yanapita kwenye hivi vitundu tu. Umepima vitundu. Barabarani gari linafungua hivi visahani, na hivyo mkono wako hauna nguvu wala kasi ya kuvifikia."

Sentensi hiyo iliuzika mtihani wa dukani. Shokapu haibebi gari. Mbebaji ni springi. Springi ikishabanwa inataka kurudi, na ikirudi inapitiliza, inashuka tena, inapanda tena. Kazi ya shokapu ni kuituliza kwa kuyalazimisha mafuta kupenya mahali pembamba, na nguvu yote ya kurukaruka inageuka joto. Gari linapoyumba taratibu kwenye kona au linapofunga breki, pistoni inakwenda polepole na vitundu ndivyo vinavyotawala. Gurudumu linapogonga jiwe, pistoni inakwenda kwa kasi kubwa na visahani hufunguka. Mtengenezaji huamua mambo hayo mawili kila moja peke yake, na huamua pia ugumu wa kushuka tofauti na ugumu wa kurudi. Kwa hiyo shokapu inaweza kuwa nzito mikononi halafu ikawa laini kwenye mawe, au kinyume chake.

Na porini kwetu adui mkubwa si jiwe. Ni rasta, yale matuta madogo yanayofuatana barabarani. Mtu asiyeijua hudhani shimo ndilo linaloua shokapu, lakini shimo ni pigo moja na dereva mwenye macho hulikwepa. Rasta haikwepeki. Chukua njia ya kutoka lango la Loduare, Ngorongoro, kwenda Naabi, ambako mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa. Matuta yake madogo yakiwa yameachana sentimita 80 hivi, kila gurudumu linapigwa mara 17 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 60,000 kwa saa. Mwaka 1963 mwanasayansi wa Australia, Keith Mather, alieleza namna alivyozungusha gurudumu dogo juu ya mchanga mkavu na kuona rasta ikijitengeneza yenyewe mara mwendo ulipozidi kiwango fulani. Mchanga ulisawazishwa, gurudumu likapita tena na tena, rasta ikarudi. Ndiyo maana greda likipita kwetu leo, raha yake huwa ya muda mfupi.

Kwa mapigo hayo, mafuta ya shokapu ya kizamani huchemka. Ndani ya bomba la nje mafuta yalikaa pamoja na hewa ya kawaida, na yakitikiswa kwa saa nzima huchanganyika na hewa na kuwa povu. Pistoni inayopita kwenye povu haishiki kitu. Dereva hujua hali hiyo pale mkia wa gari unapoanza kuhama upande ingawa usukani umenyooka. Madereva wa utalii walinifundisha kipimo chao, ambacho nakiamini kuliko maneno ya muuzaji yeyote: ukimaliza kipande kirefu cha rasta, simama, shuka, sogeza kiganja karibu na kila shokapu bila kuigusa kwa pupa. Zote nne zinapaswa kuwa za moto. Iliyo baridi haifanyi kazi, na mzigo wake umebebwa na wenzake.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mambo yalianza kubadilika Arusha. Land Rover zilipungua, Land Cruiser zikaongezeka, na pamoja nazo zikaingia shokapu za gesi. Nyingi kati yake zilikuwa za mabomba mawili kama zile za zamani, ila hewa iliondolewa na nafasi yake ikajazwa naitrojeni kwa shinikizo dogo, ili mafuta yasitoe povu kirahisi. Old Man Emu za Australia zilijulikana kwa njia hiyo, nao Koni wa Uholanzi walikuwa na zao nzito. Zikaja za bomba moja, mtindo ulioanzishwa na Mfaransa Christian Bourcier de Carbon na kusambazwa sana na Bilstein wa Ujerumani: gesi ya shinikizo kubwa hukaa chumba chake, ikitenganishwa na mafuta kwa pistoni ya pili isiyoungwa na fimbo. Mafuta hugusa ukuta wa nje moja kwa moja, hivyo joto hutoka upesi. Baadaye tukaona zenye sponji ndani badala ya gesi, nene kama mkono wa mtu mzima, na watu wakaanza kununua kwa unene kama zamani walivyonunua kwa ugumu.

Za bomba moja ni nzuri, na kwa mtu anayeishi kwenye rasta ndefu bila mawe ningemwambia azichukue. Lakini nimeona moja ikirudi kutoka Engare Sero na kibonyeo kidogo ubavuni, kazi ya jiwe lililorushwa na tairi. Kibonyeo hicho kikiingia kwenye njia ya pistoni, shokapu imekwisha, hata ikiwa mpya. Ya mabomba mawili ingeumia ganda la nje na kuendelea kufanya kazi. Mimi nafanya kazi kwenye mawe kuliko kwenye mchanga, kwa hiyo chaguo langu liliegemea huko. Na jambo moja la usalama: ya bomba moja haikatwi kwa msumeno kama fundi wangu alivyofanya. Gesi yake inaweza kumrushia mtu chuma usoni.

Barabara nazo zilibadilika. Miaka ya mwanzo ya 2000, kwa msaada wa Japani, lami ilitandikwa kutoka Makuyuni kupita Mto wa Mbu na Karatu hadi lango la Ngorongoro. Mwaka 2018 ikazinduliwa lami ya Dodoma hadi Babati, inayopita kwetu Kondoa. Njia ambayo zamani ilikula siku nzima kati ya Bereko na Kolo sasa inapitwa mtu akiwa na chai mkononi. Gari lile lile likaanza kuishi maisha mawili, kilomita nyingi za lami na kilomita chache ngumu, ilhali shokapu zilichaguliwa kwa zile chache.

Hapo ndipo nilipokuwa niliponunua mkonga wangu, Land Cruiser HZJ78 iliyotumika, ya baada ya 1999: mbele koili springi, nyuma springi za bapa. Mwenye nalo wa kwanza alikuwa analipeleka machimboni na alilivisha ipasavyo kwa kazi ile. Kwangu lilikuwa gari la kila siku. Asubuhi watoto shule, kisha soko la Kilombero mjini na mama watoto, kisha visima vya Monduli na Longido nikiwa na sanduku la vifaa na fundi mwenzangu. Likiwa tupu, nyuma ilikuwa inaruka kila tuta la mjini, na wakati wa masika mkia uliteleza kwenye lami iliyolowa kwa sababu tairi haikutulia chini. Mama yangu mzazi, mwenye mgongo uliochoka kwa jembe, alipanda kutoka Kondoa hadi Arusha akiwa amejishikilia mlango njia nzima. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyeona kwamba gari linalomfanya mzee ashike mlango kwenye lami mpya lina kasoro, hata kama linapanda Kitumbeine bila kutetereka.

Fundi wa Unga Limited, sasa mvi zimemjaa, hakuniuliza nataka shokapu gani. Aliniuliza, "Siku nyingi unabeba nini?" Tukalipeleka kwenye mizani ya mashine ya nafaka, tukapima magurudumu ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, nikiwa na mzigo wangu wa kawaida na matangi yamejaa. Mkonga huu una matangi mawili ya lita 90, na dizeli ya lita 180 ni kilo 150 hivi, uzito wa abiria wawili ambao watu husahau kuwahesabu. Kisha akainua gari kwa jeki hadi ekseli ikaning'inia, akapima kwa futi kutoka mshikio wa juu hadi wa chini, akalishusha na kupima tena likiwa limesimama, akahesabu limebakiza kiasi gani kabla ya kugusa mpira wa kuzuia. Shokapu ikiwa fupi, ekseli inaning'inia juu yake na mshikio unakatika. Ikiwa ndefu, inafika mwisho ndani kabla mpira haujapokea pigo. Gari lililonyanyuliwa hata sentimita tano linahitaji kipimo kipya, na magari mengi ninayoyaona yakining'inia shokapu kwenye mitaro yamepuuzwa hapo.

Springi za nyuma ndizo zilizobadilishwa kwanza, tukachukua za daraja la uzito tulioupata kwenye mizani. Ndipo tukatafuta shokapu zilizotengenezwa kwa springi zile: mabomba mawili, naitrojeni, za kutuliza vizuri wakati wa kurudi bila kuwa kaidi wakati wa kushuka. Bushi tuliweka za mpira, kwa sababu zile za plastiki ngumu hudumu lakini hupeleka kila mtetemo kwenye bodi. Dukani kijana alinishauri nichukue daraja moja juu, "kwa ajili ya safari." Nilimkatalia. Siku ya mzigo mkubwa nina dawa nyingine: napunguza mwendo, napumzisha gari njiani shokapu zipoe.

Tofauti ilionekana kwenye matuta ya Njiro kabla hata hatujatoka mjini, na ilionekana zaidi kwenye tairi. Zile za zamani zilikuwa zimelika mabonde mabonde kuzunguka, alama ya gurudumu linalodunda. Za sasa zinalika sawasawa. Kwenye rasta ya Kitumbeine gari halina ule ubabe wa zamani, lakini usukani unabaki mikononi, na pampu zinafika bila boliti kulegea.

Sasa nataka kufunga bampa ya chuma na winchi, maana masika yaliyopita yalituweka kwenye tope hadi usiku. Vitu hivyo viwili vinakaribia kilo 100, na vyote vinakaa mbele ya ekseli ya mbele. Fundi ameshataja koili springi anazozifikiria. Shokapu za mbele nimemwomba asiagize mpaka bampa ifungwe na gari lipite tena kwenye mizani.