Kutafuta muzigo Kampala: nyumba kumi na moja na bado

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa pili mwenye nyumba wetu alitukuta uani tunafua. Akasalimia vizuri, akauliza ibada ilikuwaje, akageuza bidoni tupu akakalia. Halafu akasema kuanzia mwezi wa tatu pesa ya nyumba inatoka 250,000 inakuwa 350,000. Tukacheka, tulidhani ni utani. Ni mzee aliyewahi kuwa askari na Kiswahili chake ni kile cha jeshini, kwa hiyo mara nyingi hatujui kama anatania au anaamrisha. Akasema, "Kwani nyinyi si UN inawalipia?" Hapo tukaacha kucheka.

Tunaishi watano katika vyumba viwili hapa Nsambya. Watatu ni wa tumbo moja kutoka Uvira, wawili ni wa Bukavu, tulikutana kwenye foleni ya kusajiliwa na hatujaachana tena. Yaya, dada yetu mkubwa, anatembeza vitenge. Mwingine anasuka nywele, mwingine anajifunza ushonaji, mwingine anabeba mizigo sokoni siku ikimpata. Wa mwisho yuko P7, mwezi wa kumi na moja anafanya mtihani wa PLE. Ndiyo maana mtu akituuliza kwa nini tusirudi Nakivale ambako kuna kiwanja na chakula kidogo, jibu letu ni huyo mtoto. Mkimbizi aliyechagua Kampala kwa kawaida anajilipia mwenyewe, hilo tulilijua tangu mwanzo na hatulalamiki. Tunachotaka kueleza ni hiki kingine.

Kwanza tumalizie ya mzee. Sheria tunaijua, tulifundishwa kwenye semina. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inasema kodi isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji hatolewi bila amri ya mahakama. Kwa hesabu hiyo tungeishia 275,000. Yaya alimwambia kwa heshima zote, "Papa, sheria inasema hivi." Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasimama, akajipangusa suruali. "Basi nendeni mkaishi kwenye hiyo sheria."

Tungeweza kushtaki. Lakini mkataba wetu ni wa mdomo, risiti zetu ni vikaratasi vya daftari ambavyo vingine havina tarehe, na hata ukishinda unaendelea kulala kwa mtu ambaye ameshakuchoka. Pengine tumekosea, wenzetu wa msaada wa kisheria watatuambia. Sisi tulichagua kutafuta pengine kabla mvua za mwezi wa tatu hazijaanza.

Kwa wageni wa mji huu: chumba cha kupanga cha bei ya chini hapa kinaitwa muzigo. Miaka ile tunafika, broka, yaani dalali, alituuliza kama tunataka mizigo, tukamjibu kwamba mizigo hatuna, tuna mabegi mawili tu. Bado tunaichekea. Ila sasa tumeshazunguka nyumba kumi na moja na tunaona aliyekiita hivyo alikuwa na akili.

Broka hainui mguu bila 20,000 ya kuonyesha. Hiyo hairudi hata akikuonyesha choo. Tumepita kwa mabroka watatu, kwa hiyo 60,000 ilienda kabla hatujagusa kitasa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Katwe ya chini, karibu na mtaro mkubwa. Chumba kimoja na kisebule, 200,000. Kuta zimepakwa rangi mpya, kijani, lakini kwa chini tu, mpaka usawa wa goti. Juu yake rangi ni ya zamani. Tukajiuliza ni mtindo gani huu. Mama wa chumba cha jirani, Mkongomani kama sisi, alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. Akasema kwa sauti ya chini, "Wanangu, msikubali. Ikinyesha tunalala juu ya meza." Rangi mpya ilikuwa inafunika mstari wa maji.

Nyingine ilikuwa duka zamani. Mlango ni ule wa chuma wa kuvuta juu, dirisha hakuna. Tukauliza hewa inapita wapi. "Mtafungua mlango." Na usiku? Broka akatuangalia kama watu wanaopenda anasa. 180,000.

Kuna ya Najjanankumbi ambayo tulipelekwa kwa sifa nyingi, eti ni "selfu", choo ndani kabisa. Kweli kilikuwa ndani. Kilikuwa ndani ya jiko. Sinki ya choo upande huu, mahali pa kuweka sigiri upande ule, katikati pazia la maua. Bei 400,000, sababu ni selfu. Yaya alitoka nje akacheka mpaka akakaa chini, na broka naye akaanza kucheka, lakini 20,000 yetu hakurudisha.

Ya Ndejje ilikuwa mpya na nzuri, inanuka simenti. Haina Yaka. "Mita inakuja wiki ijayo." Jirani akatuambia hiyo wiki ijayo wanaingoja tangu Noeli, wanachaji simu kwenye saluni kwa pesa. Na kutoka Ndejje mpaka shule ya mdogo wetu ni taksi mbili kwenda, mbili kurudi. Tulipiga hesabu ya nauli ya muhula tukaona ile nafuu ya kodi imeliwa yote na barabara.

Zilizobaki tutazipita haraka. Moja ina wapangaji kumi na wanne na choo kimoja chenye kufuli, ufunguo anao mwenye nyumba na analala mapema. Nyingine umeme unalipwa kwa kuhesabu balbu, na redio inahesabiwa balbu. Moja ilikuwa na mtu ndani bado, mgonjwa, amelala, broka anatuonyesha dari juu yake. Hiyo tulitoka mbio, na njiani hakuna aliyeongea.

Halafu ya kumi, Makindye.

Tulikuwa tumeshajifunza. Yaya anaongea Luganda vizuri kwa sababu ya miaka ya kutembeza vitenge, basi tukapanga aongee yeye peke yake, sisi wengine tuwe bubu. Broka alisema 300,000. Vyumba viwili, dirisha linaangalia mwembe, ua umefagiliwa, na bomba uani. Kutoka pale mdogo wetu anatembea kwa miguu mpaka shule. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, alitoka na kitambaa kichwani, yaya akapiga magoti kidogo kama desturi yao inavyotaka, wakasalimiana ile salamu yao ndefu. Kila kitu kilienda sawa. Yaya anauliza, mama anajibu, anatabasamu, tulishaanza kuona kila mmoja atalala wapi.

Mdogo wetu alikuwa amesogea kwenye bomba. Akafungua. Kwetu Nsambya maji tunayanunua kwa bidoni, mtoto huyu ndiye anayeyabeba kila asubuhi kabla ya shule. Akaruka, akapiga kelele kwa Kiswahili chetu cha Uvira: "Yaya! Maji yanatoka!"

Yule mama akageuka. Akatuangalia mmoja mmoja. Akauliza, sasa kwa Kiingereza, "Mmetoka Congo?" Tukasema ndiyo. Akaingia ndani kidogo, akarudi. Bei ni 450,000. Na analipwa miezi sita kwa mara moja.

Siku ya pili rafiki yetu wa kwaya, Mganda, alipiga simu ile namba akajifanya anatafuta nyumba. Aliambiwa 280,000, miezi mitatu. Yaani kwetu ilipanda na kwake ilishuka.

Usiku ule hatukulala mapema. Rafiki alikuwa tayari kuandikwa yeye, alipe yeye kwa pesa yetu, sisi tuingie kama wageni wake. Wengi hapa mnajua nyumba zilizopangwa hivyo, hatusemi ni dhambi. Wawili wetu walitaka tufanye hivyo kesho yake asubuhi. Wawili waliogopa: ikijulikana, anayeaibika mbele ya mwenyekiti wa LC na mbele ya kanisa ni yule msichana, na sisi tunaanza upya bila garanti yetu. Tulibishana mpaka taa ikazima kwa sababu Yaka iliisha. Kwenye giza mdogo wetu, tuliyedhani amelala, akauliza, "Nikiwa uani pale nitaongea lugha gani?"

Basi yaya na rafiki yetu walirudi Makindye wakasema ukweli. Hata ile simu waliisema. Mama hakukasirika, aliona haya kidogo, akawapa chai. Akaeleza. Miaka miwili iliyopita alipangisha familia ya Kikongomani, watu wazuri, watoto wao walicheza na wajukuu wake. Safari yao ya Canada ilipokubaliwa waliondoka usiku, hawakuaga, wakaacha miezi mitatu hawajalipa. "Wao wako Canada. Mimi nilibaki na deni na ufunguo." Yaya anasema hapo alikosa la kujibu. Sisi pia tulikosa alipotusimulia. Familia za namna hiyo tunazijua, baadhi yetu tumekula wali kwenye sherehe zao za kuaga, na hakuna aliyeuliza kama mwenye nyumba amealikwa.

Lakini deni lile si letu, na wakati huo bado tulikuwa tumekaa kwenye chumba cha 250,000 na hatujawahi kuruka mwezi hata mmoja.

Mama alishuka mpaka 330,000, miezi mitatu. Ongeza mwezi mmoja wa broka. Hiyo ni 1,320,000 siku ya kuingia. Sisi tulikuwa tumeweka 780,000 kwa miezi kumi na minne, toa 60,000 za mabroka. Alikubali kungoja siku tano. Tuliuliza kila mahali pa kuuliza. Siku ya sita akampangisha mwingine, na alipiga simu kutuambia, hakutuacha tukisubiri. Hilo tunamshukuru.

Wafanyakazi wa mashirika ambao mnatusoma hapa, tuna neno moja kwenu, na tunalisema kama wadogo zenu. Mnapokuja nyumbani na fomu, mnahesabu vyumba, mnaandika "hali duni", halafu mmoja wenu anauliza kwa huruma kwa nini hatutafuti mahali pazuri kidogo. Dada, kaka, tunatafuta. Kodi ya kila mwezi tunaiweza, hata ile ya Makindye tungejibana tungeiweza. Kinachotushinda ni miezi mitatu au sita kwa siku moja, na mtu wa kusema mbele ya mwenye nyumba kwamba hawa hawatatoroka usiku. Mkopo mdogo wa garanti, ambao tunaurudisha kidogo kidogo, ungesaidia kijana wa mjini kuliko blanketi. Blanketi tunazo. Na barua yenye mhuri inayosema tumelipa kodi miaka mitatu bila kukosa, hiyo haigharimu kitu.

Na sisi vijana kwa sisi: ukipata safari, mwage mwenye nyumba wako. Mlipe. Kuna mtu anatembea Makindye leo na bei yako mgongoni.

Nyumba ya kumi na moja hatutaki hata kuisimulia, ilikuwa na bata ndani.

Jambo linalotuumiza ni dogo. Mdogo wetu hatukumgombeza kwa ile kelele ya bomba, hakuna aliyemwambia neno. Lakini kwenye ile ya kumi na moja, kabla hatujafika getini, alishanyamaza mwenyewe. Aliingia mikono nyuma, akaangalia bata, akatoka. Alianza kuongea tulipofika barabarani.

Leo ni tarehe 25. Mzee amepita mara mbili kuangalia paa, anasema ni ukaguzi tu. Kesho saa mbili asubuhi tunaenda kuona ya kumi na mbili, iko Masajja, vyumba viwili, 270,000. Kama kuna anayejua nyingine karibu na Nsambya au Makindye, isizidi 280,000, miezi miwili ya mbele, tuambieni Jumamosi kwenye mkutano. Broka tusipite kwake kama inawezekana.