Tulikwenda Lushoto Kufunga Mwaka

Mwandishi wa hadithi apanda milima ya Usambara na mumewe, vitabu vitatu, laptopu moja na jambo ambalo walikuwa hawajalizungumza tangu Machi.

Kila Desemba nina kaugonjwa kangu. Wenzangu wanahesabu hela walizotumia, mimi nahesabu kurasa. Nimeandika ngapi? Nimesoma nini? Nimetazama filamu gani za maana, na zipi za kupotezea muda tu? Kazi yangu ni kutunga hadithi, kwa hiyo hizo ndizo hesabu zangu za kufunga mwaka. Siku zote nazifanyia mezani kwangu Dar, feni ikipiga kelele juu ya kichwa na jasho likitiririka. Desemba iliyopita nikasema hapana, safari hii nataka kufikiri nikiwa nimevaa sweta.

"Mume wangu, twende Lushoto," nikamwambia.

"Sawa," akajibu, macho kwenye simu.

Jina lake naliacha. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini.

Njia ya kona

Tulipanda basi alfajiri pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Chalinze, Segera, Korogwe. Ushauri wa bure, msomaji: kama wewe na mwenzako mna kinyongo, msipande basi moja la saa saba. Mtaangalia mashamba ya mkonge mpaka macho yaume. Sisi tuliongea mara mbili, mara ya kwanza kuhusu maji ya kunywa, mara ya pili kuhusu dirisha.

Mombo joto lilikuwa la kufa mtu. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, na mpaka leo ukitaka kupanda Usambara Magharibi kwa njia kuu ni hapa unapoiacha barabara ya Arusha. Kutoka hapo ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde ambalo ni bora usiliangalie. Masikio yanaziba, halafu ghafla unahisi hewa imebadilika, kama mtu amefungua friji. Soni unayaona maporomoko ya maji ukiwa barabarani, na basi likisimama tu, madirishani wanajaa akina mama na vijana wenye ndoo za plamsi na mapichi. Mume wangu akawasalimia kwa Kisambaa. Mama yake ni wa huku. Wakacheka, wakamuongezea plamsi nne za bure. Nilikuwa sijamuona akicheka hivyo muda mrefu.

Lushoto yenyewe ni mji mdogo uliokaa kwenye bonde, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliupenda, wakaupa jina la Kaiser wao, Wilhelmsthal, yaani bonde la Wilhelm. Jina hilo limekufa, milima ipo. Desemba si mwezi wa baridi kali, hiyo ni ya Juni na Julai, lakini kwa mtu aliyetoka Dar asubuhi, ukungu wa saa kumi na mbili jioni unatosha kabisa kuvaa sweta. Tukachukua chumba kwenye gesti ndogo yenye mikaratusi nyuma yake, nikapanga daftari langu mezani. Haya, hesabu zikaanza.

Nilichoandika

Riwaya yangu ya tatu: kurasa 41. Zote za Januari mpaka Machi. Tangu Aprili, sifuri. Yaani sifuri kabisa, kila siku nafungua, nasoma sentensi ya mwisho, nafunga.

Hadithi fupi: moja. Ila hiyo moja, jamani! Niliitoa Machi kwenye kundi la wasomaji wangu la WhatsApp, na ndani ya wiki ilikuwa imezunguka mji. Ni habari ya mwanaume aliyepoteza kazi akashindwa kumwambia mkewe. Kila asubuhi anapiga pasi shati, anabeba begi lake, anaaga, anakwenda kukaa kwenye benchi mjini mpaka jioni. Akirudi anasimulia foleni. Watu walinitumia meseji mpaka usiku wa manane. Wengine walicheka, wengine walisema walilia. Sijawahi kupendwa hivyo tangu nianze kuandika.

Nilichosoma

Vitabu vingi mwaka ule nilivianza nikaviacha. Vitatu nilivibeba kwenda navyo mlimani.

Cha kwanza ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Ilibidi tusubiri mpaka 2022 ndipo Ida Hadjivayanis akatuletea kwa Kiswahili. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri anayemwita mjomba, kumbe baba yake amemtoa kulipia deni. Hakuna aliyemuuliza. Hilo la kutoulizwa liliniganda kichwani, nikadhani ni kwa sababu za kifasihi.

Cha pili ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali 'lAjjemy. Huyu bwana alikuwa mtu wa pwani aliyekusanya masimulizi ya watu wa milimani, zaidi ya karne moja iliyopita, kwa Kiswahili safi. Kama unapenda hadithi za kifalme za Kikorea, hii ni ya kwetu. Mbegha anatoka Nguu, amenyimwa urithi kwa sababu ya mkosi wa meno, yale ya juu yalitangulia kuota. Anakuwa mwindaji wa nguruwe pori, anazunguka porini na mbwa wake, mpaka anafika Usambara na kufanywa mfalme pale Vuga. Anafanywaje mfalme? Hakuja na jeshi. Alikuja na nyama. Anawapa watu nyama, wao wanampa chakula cha shambani.

Cha tatu sikukibeba mimi. Nilikikuta kwenye begi: Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, nakala iliyochanika jalada. Shaaban Robert alikuwa wa Tanga, mkoa huuhuu, alizaliwa 1909 akafariki 1962, na kitabu hiki kilichapwa 1968, yeye hayupo tena duniani. Ni kisa cha mtu aliyeipa mgongo kazi ya mjini akaenda kulima. Sikukumbuka kukinunua. Nikadhani ni cha kwangu cha zamani.

Tulichotazama

Hapa lazima niseme ukweli. Mwaka mzima tulitazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, kila mmoja kwenye kona yake ya sofa. Tulikuwa tunajua matatizo ya ndoa za Istanbul kuliko ya kwetu.

Usiku wa kwanza Lushoto tukawasha laptopu tutazame tena Vuta N'kuvute. Filamu hii ya Amil Shivji imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya 1999, na ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmini, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, anatoroka, anakutana na Denge mpigania uhuru. Mimi niliisoma riwaya kwanza, kwa hiyo nikaanza kulalamika: hiki wamekikata, hiki wamekigeuza. Mume wangu kimya. Katikati ya filamu umeme ukakatika na laptopu nayo ikazima, betri yake ilishakufa zamani.

Giza la Lushoto si la Dar. Hakuna jenereta ya jirani. Unasikia vyura na maji tu.

Akasema, taratibu, "Huyo Adam Shafi bila shaka aliulizwa kabla hawajaigeuza hadithi yake filamu."

"Naamini hivyo."

"Mimi uliniuliza?"

Msomaji, umeshaelewa. Yule mwanaume wa benchi ni yeye. Miaka minne iliyopita alipunguzwa kazi mahali fulani, na kwa miezi miwili alikuwa akipiga pasi shati na kuniaga kila asubuhi. Aliponiambia ilikuwa usiku, kitandani, analia. Baadaye alipata kazi nyingine, tukasahau. Yeye ndiye alidhani tumesahau. Mimi niliweka akiba.

"Nilibadilisha jina," nikasema. "Nilibadilisha mtaa. Hakuna anayejua."

"Kazini kwangu walisoma kwa sauti wakati wa chai," akasema. "Wakacheka pale anaposimulia foleni. Na mimi nikacheka nao."

Sikuwa na jibu. Umeme ulirudi alfajiri.

Nguvu kwa nguvu

Kesho yake tulikwenda Vuga kumwamkia mjomba wake. Vuga ya leo ni kijiji, migomba na mahindi, ila ndipo walipokaa wafalme wa Kilindi. Mjomba alitupa chai na mihogo ya kuchemsha, akaanza stori za zamani. Nikamuuliza kuhusu maneno niliyowahi kuyakuta kwa mwanahistoria Steven Feierman, aliyeanza utafiti Usambara miaka ya 1960 na kutoa kitabu kizima kuhusu fikra za Wasambaa mwaka 1990: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu.

Mzee akatikisa kichwa kama mwalimu. Zamani, akasema, mvua ilikuwa mikononi mwa mfalme. Nguvu ikiwa moja, nchi inapona, mahindi yanaota. Wakiwa wawili wanashindana, hiyo ni nguvu kwa nguvu, na hapo mvua inakatika. Na ilitokea kweli. Kimweri ye Nyumbai alipofariki miaka ya 1860, wakubwa wa ukoo wakagombana, Semboja akijiimarisha kule chini Mazinde kwenye njia ya misafara na bunduki, na nchi ikaingia vita na biashara ya watumwa.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi nyumbani awepo mfalme mmoja na mwingine akae chini. Hizo mambo tumeshaziacha. Lakini nilipokuwa nakunywa ile chai niliona kitu: tangu Machi nyumba yetu ilikuwa na nguvu mbili. Mimi na haki yangu ya kuandika, yeye na haki yake ya kunyamaza. Na tangu Aprili mimi sikuwa nimeandika hata mstari. Ukame wenyewe ndio ule.

Irente

Siku ya tatu tulipanda Irente kwa miguu, saa moja na nusu hivi kutoka mjini, tukipita shamba la Irente ambako tulinunua jibini, mkate na jamu. Mwisho wa njia mlima unaisha tu, kama umekatwa kwa kisu. Chini yako ni Mazinde, barabara kuu kama uzi, na mbele nyika ya Wamasai mpaka macho yanachoka.

Nilimuomba msamaha pale. Bila "lakini".

Akasema hakukasirika kwamba niliandika. Alikasirika kwamba aliisoma siku moja na watu wote. Tukakubaliana: kitakachotoka chumbani kwetu yeye anakisoma kwanza, na akisema hapana ni hapana. Sitadanganya, mwandishi aliye ndani yangu alinuna. Nikamwambia kwamba sura ya pili ya riwaya ina ugonjwa wa mama yake, tena nimeuandika vizuri. Nikamuuliza kama naruhusiwa.

"Hapana," akasema.

Kurasa 41 zikawa 29.

Halafu, tukila mkate, akaniambia jambo ambalo sikulijua. Siku zile za benchi hakuwa anakaa tu. Alikuwa anasoma. Alinunua vitabu vya mitumba kando ya barabara, na kile alichokirudia mara tatu ni kile chenye jalada lililochanika. Alikuwa akijiuliza kama na yeye anaweza kuacha yote aje kulima huku kwa mjomba.

Nilibaki mdomo wazi. Hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote katika kisa kile, na kwenye hadithi yangu hakimo. Hakimo kwa sababu sikuuliza. Nilichukua. Mbegha alipewa ufalme kwa kubadilishana, nyama kwa chakula. Mwizi anaondoka na kile tu alichokiona mlangoni.

Hizo ndizo hesabu zangu za mwaka: hadithi moja iliyopendwa, ambayo nisingeitoa tena vile, na kurasa 29. Januari zikawa 36. Jioni namsomea kwa sauti, televisheni tunaizima mpaka saa tatu, halafu twende na Waturuki wetu kama kawaida.

Makala haya ameyasoma kabla yenu. Amekubali, ila kafuta mistari miwili. Ilikuwa mizuri kweli. Sitawaambia ilisema nini.

Mkitaka kwenda

Mabasi ya Lushoto yanaondoka Dar asubuhi. Mkikosa la moja kwa moja, shukieni Mombo mpande gari dogo. Bebeni sweta, viatu vya kutembelea na koti la mvua. Msitu wa Magamba na Irente vinatosha siku mbili, ongezeni ya tatu kwa ajili ya soko na matunda. Asubuhi ukisikia "Onga maundo", umesalimiwa. Jibu "Niwedi". Na vitabu bebeni viwili tofauti, halafu katikati ya safari mbadilishane.