Chaki kwenye Kerezo

Mjomba hupima kwa sikio. Kisu kikila chuma sawasawa, kerezo huvuma kama mashine ya kusaga mahindi iliyo mtaa wa pili. Kisu kikiwa butu, mlio hupanda, naye huzima kabla sisi wengine hatujaona lolote. Sikio hilo alilipata Basotu, kwenye karakana za mashamba ya ngano ya NAFCO, yale yaliyokuzwa kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970. Mashamba hayo yaliwanyang'anya Wabarabaig malisho yao. Kwa Mjomba yaliacha ufundi, akaja nao Katesh na kufungua karakana nyuma ya nyumba.

Na kabla ya ngano kulikuwa na moto. Wahunzi wa Kidatoga, wa ukoo wa Gidang'odiga, mpaka leo huyeyusha makufuli chakavu yakawa bangili, na hufua misumari ikawa vichwa vya mishale ya Wahadzabe. Kwa hiyo nilipotaka kufunga kompyuta kwenye kerezo la Mjomba, sikuwa naleta ufundi mahali pasipo na ufundi.

Nilikuwa na sababu moja: mikono yake imeanza kutetemeka. Shafti ya mashine ya kusaga inatakiwa iingie kwenye beringi bila kucheza, na hapo sehemu chache za mia za milimita huamua kama umetengeneza shafti au chuma chakavu. Mikono hiyo ndiyo iliyonilipia ada ya chuo. Sikutaka kuiona ikikaa bure mapajani.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1952 chuo cha MIT, Marekani, kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyofuata namba zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Leo inatosha kompyuta ya mezani iliyochokwa na ofisi, yenye tundu la printa la pini 25, pamoja na LinuxCNC, programu ya bure iliyotokana na kazi ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST.

Hesabu ilinipa raha. Stepa mota hugawa mzunguko mmoja kuwa hatua 200. Kidhibiti chake nilikiweka kizigawe tena kwa nane, zikawa 1,600. Skrubu ya kerezo letu, ambalo ni la vipimo vya inchi, husogeza kisu milimita 2.54 kwa kila mzunguko. Gawanya, utapata karibu mipigo 630 kwa milimita moja.

Lakini chuma hakisomi daftari. Skrubu iliyofanya kazi miaka mingi inacheza: ukiigeuza upande wa pili, huzunguka kwanza bila kusogeza kitu. Nilipima kwa saa ya kupimia, nikapata robo milimita. Programu inaweza kuagizwa ifidie pengo hilo, ila skrubu hailiki sawasawa. Pale kisu kinaposhinda kila siku pamelika zaidi. Mjomba hakuhitaji saa. Alichukua chaki akaandika pembeni mwa njia ya kisu: hapa kidogo, hapa sana, hapa bado pazima. Nikapima kila alama yake, kwenda na kurudi, na namba hizo ndizo zilizojaza jedwali la fidia ambalo LinuxCNC inalisoma kila inapowashwa.

Jambo moja alilikataa. Nilitaka kung'oa magurudumu ya mkono ili nipate nafasi ya mota.

"Mjomba," aliniambia, maana naye huniita hivyo hivyo, "umeme ukikatika, hiyo itajua ilifika wapi?"

Haitajua. Mota hizi hutii hatua zinazoamriwa. Hakuna anayekagua kama kweli zimepigwa. Umeme ukikatika, hesabu yote inapotea na kazi inaanza kwenye sifuri. Magurudumu yakabaki, mota zikahamia upande wa nyuma.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni kijana anayejifunza kwetu, mtoto wa Dongobesh. Anachapa namba haraka kuniliko, na anaweza kutoa shafti nzuri bila kuujua mlio. Siku kisu kitakapovunjika ndani ya chuma, kioo cha kompyuta kitaendelea kumwonyesha kwamba mambo ni shwari. Ndiyo maana Mjomba ameweka sheria: shafti ya kwanza ya kila oda hukerezwa kwa mkono, na kompyuta huanzia ya pili. Hiyo ya kwanza kijana huikereza mwenyewe, Mjomba akiwa kwenye kigoda, kaipa mashine mgongo, anasikiliza.

Juzi mteja aliomba apunguziwe bei, kwa kuwa kazi imefanywa na kompyuta. Mjomba alimpeleka hadi kwenye kerezo, akamwonyesha yale maandishi ya chaki, akamwambia, "Basi lipia haya." Akalipa bei ileile.